Kiberiti cha Ijumaa

Kila Ijumaa alasiri, kabla ukungu haujashuka kwenye majani chai, Wilkista Ajwang alifunga kiberiti chake kwa kipande cha kitambaa akampelekea jirani. Alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka hamsini. Majirani walibadilika, nyumba zikabadilika, lakini Ijumaa ikifika kiberiti kilitoka nyumbani, na Jumapili asubuhi kilirudi. Sisi wajukuu tulidhani ni mambo ya uzee tu. Tulimwita Dani, yaani nyanya. Ndiye aliyemzaa mama yangu.

Alipanda kutoka upande wa ziwa mwaka wa 1931, pamoja na mume wake Oyoo, kuja kuchuma chai huku Kericho. Walipita Soin kwa miguu, na Dani alisema kwamba kutoka hapo kila kilima kilimwongezea baridi. Mtoto wao wa kwanza alikufa kwa kifua, mvua za mwaka wa pili. Walimzika nyuma ya kambi, mahali ambapo baadaye palipandwa chai. Nilipomwuliza ni wapi hasa, alipunga mkono tu kuelekea upande ule.

Hapo kambini aliishi mtu mmoja aitwaye Otiende, aliyekuwa akichochea moto wa boila kiwandani. Jioni aliwasomea watu vitabu vya Musa. Hoja yake ilikuwa moja: Yesu mwenyewe aliishika sheria ya Musa, basi wafuasi wake walipewa ruhusa na nani kuipunguza? Mwaka wa 1934 watu wa nyumba kumi na moja, wote wa upande wa ziwa, walishuka mtoni wakajiosha, wakapanda wakijiita Wayahudi. Wanaume walitahiriwa na fundi kutoka Kisii, na kambi ikacheka mwezi mzima. Waliacha pia kula mumi, kwa sababu samaki huyo hana magamba. Dani aliapa kwamba Oyoo hakulia kwa fundi, ila kwa mumi alilia.

Otiende aliacha boila, maana boila haikupumzika Jumamosi, akapewa jembe. Wengine nao hawakwenda kazini siku hiyo, na Jumapili nyapara aliwaita kwa sauti, "Wayahudi wa majani chai, mmeamka?"

Hakuna aliyewahi kumwona Myahudi. Hawakuwa na mwalimu. Walikuwa na kitabu tu, nao walikisoma kama mtu asomavyo barua ya baba yake aliye mbali, bila kuthubutu kuruka neno. Imeandikwa usiwashe moto nyumbani siku ya Sabato: hawakuwasha. Imeandikwa kila mtu akae mahali pake siku ya saba: hawakutoka mlangoni.

Mama yangu, Loice, alizaliwa mapema mwaka wa 1935. Julai ya mwaka huo, Jumamosi moja asubuhi, alianza kukohoa, na Dani akakitambua kikohozi. Kilikuwa kile kile. Kuni zilikuwa mbichi na moto wa jana ulikuwa umezima. Nje ilinyesha mvua nyembamba ya huku kwetu, isiyo na haraka ya kwisha. Kiberiti kilikuwa kwenye tundu la ukuta. Dani aliniambia alikitazama mpaka macho yakamwuma. Akikiwasha, angevunja agano alilolifanya mtoni mbele ya watu wote. Asipokiwasha, alijua mwisho wake, kwani alikwisha kuuona.

Nyumba yao ilikuwa ndefu, ya udongo, imegawanywa vyumba viwili kwa ukuta ulioishia usawa wa kichwa. Ng'ambo ya ukuta aliishi Yunia, mke wa mchuma chai kutoka Kisii, Mkatoliki asiye na haraka na dini. Yeye na Dani hawakuwa na lugha moja ila Kiswahili cha kambi.

"Mama Loice," Yunia aliita kutoka ng'ambo. "Mtoto anakohoa hivyo, na wewe umekaa?"

"Leo ni Sabato."

"Lete yeye kwangu, basi."

"Siwezi kutoka."

Yunia naye moto wake ulikuwa umezima, na hakuwa na kiberiti. Kila siku aliomba makaa kwa Dani. Dani alisikia mlango ukifunguliwa, kisha nyayo zikikimbia kwenye matope. Yunia alikwenda hadi nyumba ya mwisho ya safu, akarudi na makaa kwenye kigae, amekikinga kwa mgongo ili mvua isiyazime. Moshi ulianza kupita juu ya ukuta. Kisha kichwa cha Yunia kikatokea, maji yakimtiririka usoni. Alikuwa amepanda juu ya kinu.

"Hiyo sheria yako inakataza wewe kutoka kwa mlango," alisema. "Mtoto je, imemkataza kupita juu ya ukuta?"

Dani alimtazama Oyoo, aliyekuwa ameshika kitabu tangu alfajiri. Oyoo alitafuta ukurasa mmoja, akatafuta mwingine. Kisha akafunga kitabu, akamchukua mtoto, akamwinua kwa mikono yake mirefu mpaka Yunia akampokea.

Siku nzima mama yangu alipita juu ya ukuta: huku kunyonya, kule kuota moto. Jioni kikohozi kililegea.

Jumapili Otiende alikuja, uso umekunjwa.

"Nani aliwasha moto?"

"Yunia, kwake."

"Nani alitoka?"

"Hakuna."

Otiende aliutazama ukuta kwa muda mrefu. "Habari za ukuta hazikuandikwa," alisema mwishoni, akaomba uji.

Ijumaa iliyofuata Dani alimpelekea Yunia kiberiti.

Zile nyumba kumi na moja hazikudumu. Otiende alihamia Roret, wengine wakarudi makanisani mmoja mmoja, na kufikia 1939 hakuna aliyeitwa Myahudi tena. Dani naye aliimba na akina mama kanisani kila Jumapili. Alichobaki nacho ni kiberiti.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilisoma kwamba Wayahudi wenyewe huruhusu moto siku ya Sabato maisha ya mtu yakiwa hatarini. Nilirudi likizo nikamwambia, nikidhani namletea zawadi. Alikuwa anachambua mboga. Alichambua majani matatu au manne zaidi.

"Vizuri hatukujua," alisema. "Ningewasha wangu, na Yunia angebaki kuwa mtu wa kuomba makaa."

Alifariki mwaka wa 1988, nyumbani kwa mama yangu. Yunia alikuwa amezikwa Kisii miaka kumi na miwili kabla yake. Ilikuwa Ijumaa alasiri, mvua inakaribia, nami nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Aliingiza mkono chini ya mto, akanipa kile kitambaa kikiwa kimeshafungwa.

"Mpelekee Yunia," aliniambia, "asije akakimbia tena kwenye mvua."