Mkono wa Mtu wa Mikro

Watu wa Kasongo wanasema niliharibu harusi ya mdogo wangu mwenyewe. Waseme. Nimechoka kujitetea kwa kila mtu sokoni. Lakini nyuma ya mashini ya muziki nilikuwa miye, na ninajua mkono wa nani ulishuka.

Mimi ni DJ wa harusi za mchana, chini ya turubai. Kazi hii si kuwa na nyimbo nyingi. Nyimbo kila mutu anazo kwenye simu yake. Kazi ni macho. Sura usiziamini hata kidogo, kwenye harusi kila mtu anachekelea kwa adabu. Angalia miguu chini ya viti. Yule mama mzito aliyegoma kuinuka, vidole vyake vikianza kupiga ndani ya kandambili, usibadilishe wimbo! Mwache, atasimama mwenyewe na atavuta mstari mzima. Vijana wakitoa simu kupiga video, umewapata; wakitoa simu kusoma, umekwisha. Wageni wa Salamabila wanataka moto tangu mwanzo na wanachoka upesi. Wa Nyangwe wanaanza polepole, lakini wakishaanza, hata wali ukiletwa hawakai.

Haya yote nilimfundisha rafiki yangu, mdogo kwangu kidogo, aliyekula kwa mama yangu tangu tulipokuwa shule ya msingi. Aliniita yaya, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa. Mashini hakuwa nayo, sauti alikuwa nayo, basi nikampa mikro, kipaza sauti changu. Miye naweka nyimbo, yeye anachangamsha watu. Nilimwamini kuliko ndugu wa damu. Mjinga miye!

Kwetu, saa ya zawadi ndiyo saa ya hatari. Upande wa mume unaingia kutoka barabarani ukicheza, na mbuzi, na vikwembe vipya vya bibi harusi, na masufuria. Shangazi wa bwana harusi anakuja wa mwisho, beseni kichwani, polepole kwa makusudi. Anawangojesha, ni siku yake. Muziki haukatwi mpaka ameweka beseni miguuni mwa bibi harusi. Ukikata kabla, umemwambia: rudi na vitu vyako, kijana wenu hatumtaki. Hata mutoto mudogo wa hapa anajua. Sasa DJ anakaa pembeni, mabafle, zile spika kubwa, na watu waliosimama wamemziba, haoni mlango wala miguu ya bibi harusi. Kwa hiyo mtu wa mikro anasimama mlangoni, mkono juu ya vichwa vya watu. Mkono ukiwa juu, bado wanaingia. Ukishuka, shangazi ameshatua mzigo.

Mdogo wangu aliolewa na kijana wa Kabambare. Wakwe walikuja wengi, na maringo yao. Asubuhi mdogo wangu aliniambia, "Yaya, leo usiniaibishe." Nikacheka. Nilitaka wakwe wale wampende, hilo tu, maana alikuwa anakwenda kuishi kwao, mbali na sisi.

Wakaingia. Vumbi, vigelegele, hata wazee walikuwa wamesimama. Mkono wa rafiki yangu kule mlangoni uko juu, uko juu. Kisha ukashuka. Nikakata.

Jamani, kimya kile! Halafu sauti ya mwanamke kutoka mlangoni: "Mumenifukuza?" Shangazi alikuwa hajaingia hata. Alitua beseni palepale, akakaa kando yake kwenye vumbi, na watu wake wakageuka na mbuzi wao. Mdogo wangu akaficha uso kwa shela. Nikarudisha wimbo haraka, ikawa mbaya zaidi. "Sasa wanatucheka!" wakapiga kelele.

Nilikwenda kumpigia shangazi magoti mbele ya watu wote. Alisema ataingia, lakini si kwa mashini ile. "Ile iko na dharau." Na mashini nyingine tungeitoa wapi saa ileile? Rafiki yangu akasema, bila hata kukuna kichwa, "Iko moja hapa nyuma."

Iko! Nyumba ya jirani, mabafle mapya, waya zimefungwa tayari, jenereta limejaa mafuta. Tajiri mmoja wa dhahabu wa Salamabila alikuwa amemkabidhi rafiki yangu. Rafiki yangu akakaa nyuma ya mashini ile, akaweka wimbo wa taratibu, uleule ninaouweka miye kwa mama wenye kununa, na shangazi akanyanyuka. Walicheza mpaka jua likashuka. Mama yangu naye alicheza. Mimi nilikaa juu ya bafle langu lililozimwa, na hakuna aliyenitazama.

Nyumbani walisema mkono wa rafiki yangu ulichoka tu. Mama alisema, "Musamehe, ni mtoto wa hapa." Nilitaka kuamini, kweli nilitaka. Lakini mdogo wangu alipiga simu kutoka Kabambare akilia: shangazi hali chakula alichopika yeye, anasema hawezi kula mkononi mwa watu waliomfukuza.

Rafiki yangu alipokuja kula kwa mama, kama kawaida yake, nilimfuata nje.

"Ulimuona shangazi?"

"Nilimuona, yaya."

Hakuangalia chini hata.

"Na ukashusha mkono."

"Ningekuambia nataka mashini yangu, ungenikatalia. Na harusi kubwa kama ile, watu wote wako pale, ningeipata wapi tena?"

"Na dada yako je? Si mumekula sahani moja?"

"Shangazi atazoea."

Nilishindwa hata kumpiga. Ningemkatalia? Miye? Haki ya Mungu, angeniomba tu, ningembebea yale mabafle kichwani, ningemfungia waya kwa mikono yangu, na harusi ile ningemwachia.