Hodi ya Mtu Aliyezikwa

Mwalimu mkuu alinipa kazi ile kwa sababu moja tu: mwandiko wangu ulisomeka. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na shule yetu karibu na Matayos ilikuwa inajiandaa kwa siku ya wazazi. Alitaka historia ya lokesheni yetu tangu enzi za mkoloni hadi uhuru, isomwe mbele ya wageni. Nikakubali mbio mbio. Kiherehere changu kimeniponza mara nyingi.

Habari za kodi ya kichwa, machifu na barabara zilizochimbwa kwa kazi ya lazima nilizipata bila taabu. Kwa habari za Vita vya Pili vya Dunia nilimwendea mama mzaa baba, niliyemwita kukhu. Mume wake wa kwanza alichukuliwa na watu wa chifu, akapelekwa Burma, na barua haikuja hata moja. Vita vilipokwisha wazee walingoja miaka, kisha wakafanya tunavyomfanyia mtu aliyepotelea mbali: walilaza shina la mgomba kaburini, wakalilia, wakalifukia. Kukhu akarithiwa na mdogo wa marehemu, ambaye ndiye babu yangu. Baba yangu ni mtoto wa ndoa hiyo.

Shina lile lilichipua. Nikiwa mwalimu mtu mzima bado mgomba ulikuwa unazaa, na ndizi zake zilioza palepale, hata ndege hawakuzidonoa. Sikuzote nilizunguka upande wa pili wa boma. Niliogopa, na sioni haya kusema.

"Ile wiki ya bendera ya uhuru," kukhu aliniambia, "mtu alikuja kwa lango saa sita mchana. Mvua ilikuwa imenyesha. Akapiga hodi mara tatu. Hiyo sauti ilikuwa yake, mimi najua."

"Ukamjibu?"

"Mtu amezikwa huwezi mjibu mpaka kondoo ichinjwe, afunguliwe ua huko nyuma ndio aingie. Nikaambia babu yako alete kondoo. Akanishika mkono, akaniambia ninyamaze." Alifuta macho. "Jioni nikaenda kuangalia matope. Nyayo zilikuja mpaka kwa lango. Za kurudi hazikuwa."

Jua lilikuwa linawaka, lakini nilimsogelea.

Aliniomba jambo moja: niandike kwamba alirudi. Likishasomwa mbele ya watu, babu hangekuwa na njia ila kuchinja kondoo, na yeye angeacha kuisikia ile hodi, ambayo alisema humjia hadi leo kila mchana. Nikamwahidi.

Sijui babu alijuaje. Aliniita nyuma ya ghala la mahindi.

"Andika hakurudi, mwalimu. Kama alirudi, basi mimi nilichukua bibi na shamba ya mtu ako hai. Na wewe utakuwa wa nani?"

Siku ya wazazi miguu ya kukhu ilikataa kumfikisha shuleni. Babu alikaa mstari wa mbele, fimbo katikati ya magoti. Nilifika kwenye ukurasa wa vita nikasoma: hakurudi. Wageni wakapiga makofi. Mwalimu mkuu akanisifu.

Jioni kukhu aliniuliza, "Umesoma alirudi?"

"Nimesoma, kukhu."

Alicheka, akaomba chai. Kuanzia kesho yake akawa anakaa mlangoni akingoja kondoo iletwe. Aliingoja miezi miwili, na kila nilipomtembelea alinituliza mimi, eti babu yako ni mzito wa mambo lakini ataleta. Kisha akafa.

Tulimzika saa sita mchana, kando ya mgomba ule. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na lango lilikuwa limefungwa, ng'ombe wasiingie. Mchungaji alikuwa bado anaomba tuliposikia sauti ya mwanamume pale nje.

"Hodi."

Mchungaji akakatiza maombi. Sauti ikarudia, na ikarudia tena, ya mtu aliyechoka. Waombolezaji wote wakamgeukia babu. Babu akanitazama mimi.

Nilikuwa nimesimama karibu na lango kuliko wote, na mdomo ninao. Nilinyamaza. Mchungaji akaendelea na maombi, udongo ukarudishwa, watu wakaenda kula. Mimi niliondoka kwa kupenya ua, huko nyuma, ili nisiyaone matope ya langoni.