Sakafu ya Kobe

Hapana, kobe mwenyewe sikumchukia. Ningemchukia kwa lipi? Aliletwa tu pale Kiboriloni kwa mwanangu, kama nilivyoletwa mimi. Mimi nilishushwa kutoka Old Moshi kwa ajili ya mguu. "Ni mpaka upone tu, mama," aliniambia mwanangu, kwa ile sauti yake ya mzee wa kanisa anayetangaza sadaka. Huyo ndiye kitinda mimba wangu. Kwetu nyumba ya mama ni ya kitinda mimba, na mama anafia humo humo. Basi nikashuka nikijua nitarudi. Mguu ukapona. Kila nikisema nirudi kihambani, kwenye nyumba na migomba yangu, mara barabara ina matope, mara gari bovu.

Kobe alikuwa wa mjukuu wangu, binti yao. Wakamtengenezea sanduku kubwa la mbao, wakaliweka barazani. Sasa kazi ikawa sakafu ya ndani. Mke wa mwanangu anapenda vitu ving'ae, akachukua vigae vilivyobaki bafuni, akapanga. "Jamaaani, si kapendezaaa!" Huyo anaongea na pua, kila neno analivuta. Kobe kusimama, miguu ikaenda huku na huku, tumbo pwaa! Nilicheka mpaka kilemba kikadondoka.

"Mama naye," akanuna.

Vigae vikatolewa, ikaja kapeti ya plastiki, ile yenye maua mekundu. Kobe akaona chakula kimefika. Akang'ata ua, akavuta, akang'ata lingine, shingo nje kama babu anayetafuta miwani. Mjukuu akapiga kelele, "Bibi, anakula sakafuuu!" Ikatolewa nayo. Wakaleta vumbi la mbao kwa seremala. Kobe akavimba macho, akawa anapiga chafya, chi, chi.

Hapo mwanangu akachungulia simu yake, akakohoa kwanza. "Wanasema anataka udongo. Wa shambani, usio na dawa. Uwe mwingi, apate kuchimba."

Udongo! Moyo wangu uliruka. "Baba," nikamwambia, "udongo si uko nyumbani? Ule mweusi wa chini ya migomba, nimeulisha samadi tangu hujazaliwa. Kesho tupande mlimani, nijaze kiroba."

Akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama kobe.

"Hapo nyuma ya nyumba si upo, mamaa? Ya nini kuhangaikaaa?"

Wakauchimba huo wa nyuma ya nyumba. Udongo gani ule! Vipande vya chupa, vizibo vya soda, mpaka meno ya kitana. Niliuchambua mwenyewe kama mchele. Nikatandika nailoni chini mbao zisioze, nikamwaga udongo, nikanyunyiza maji kidogo, nikaushindilia kwa viganja, upande mmoja nikauinua ili apate pa kukaa pakavu. Juu nikamtupia majani makavu ya mgomba, yale yanayofungiwa ndizi zikija sokoni. Kobe akajichimbia mpaka nusu ya gamba, akafumba macho. Mjukuu akapiga makofi. Mimi nikanusa viganja vyangu: vinanuka choo.

"Huu ni wa kushikizia tu," nikasema. "Wa kweli nitauleta."

Asubuhi nikavaa kitenge cha kanisani, kiroba kwapani, nikakaa kwenye kigoda cha jikoni karibu na geti. Mjukuu naye akavaa viatu vyake vizuri, akaja kukaa na mimi. Mama yake akatoka.

"Mamaa, utaanguka huko milimaniii!"

Nikamrudishia hapo hapo, pua na yote, "Utaanguka huko milimaniii!" Mtoto akaniangukia mapajani kwa kicheko. Hata yule mama mtu alijiuma mdomo. Mwanangu ndiye hakucheka. Alikuwa na ufunguo wa gari mkononi, akautia mfukoni.

"Baba, nipeleke," nikasema. "Wewe urudi na udongo wa kobe, mimi uniache huko huko nyumbani kwangu. Nimepona. Kuna nini?"

Akaangalia viatu vyake. Safari hii hakukohoa, wala ile sauti ya kanisani hakuitafuta.

"Mama, ule udongo nilishauuza, pamoja na nyumba."