Ng'ombe wa mama amekufa, na sio jicho la mtu

Jamani, ng'ombe wa mama amekufa leo asubuhi.

Ndiye huyo huyo mmoja tuliyekuwa tunamkamua hapa kijijini kwetu, Kilema.

Jana mama alikwenda msibani, akaniachia kazi moja tu: niyaanike marando ya viazi yanyauke kabla ya kumpa ng'ombe, maana mabichi humjaza gesi tumboni. Mvua ilikuwa imenyesha. Nikaona uvivu, nikamtupia mabichi yanachuruzika maji, nikaenda kuangalia mpira.

Asubuhi tumemkuta bandani tumbo limevimba kama ngoma, hapumui.

Majirani wakajaa uani. Shangazi akasema hilo ni jicho la bibi Apaikunda, jirani yetu, kwa sababu juzi aliyasifia maziwa.

Na bibi mwenyewe alikuwa amesimama pale pale, ameshika chupa ya chai aliyotuletea.

Mama akamgeukia. "Kwangu usikanyage tena."

Hapo ningeweza kunyamaza, na mambo yangeishia hapo. Nisingeulizwa na mtu.

Nikasema, "Mama, ni mimi. Nilimpa marando mabichi."

Nilitegemea atanipiga, au atalia. Akaniuliza tu, "Kwa nini?"

"Uvivu, mama."

Akaenda kwa bibi, akaipokea ile chupa kwa mikono miwili, akasema, "Nisamehe, mama." Kisha akanionyesha jembe. "Chimba shimo refu, mbwa wasimfukue."

Nimemaliza kuchimba sasa hivi. Silii. Sisikii chochote, hata maumivu ya mikono iliyochubuka.

Mliowahi kumwambia mzazi jambo kama hili, jioni mlikaaje naye mezani?