Asumini ya Mama Mkwe, Mlangilangi wa Shangazi

Niliolewa Kibiti nikitokea Kiongoroni, kule delta karibu na bahari. Baba yangu alikuwa mkata mikoko, na sisi wanawe tulikua tukijua harufu mbili tu: ya tope maji yakitoka, na ya samaki wakianikwa. Maua ya kunukia niliyasikia kwa watu. Siku ya harusi yangu walinipachika kikuba kifuani, kile kishada cha maua na majani ya rehani, nikapiga chafya mfululizo mpaka kungwi wangu akanifinya paja.

Nyumba niliyoingia ilikuwa na wajane wawili. Mmoja ni mama mkwe wangu. Wa pili ni shangazi wa mume wangu, dada wa marehemu baba mkwe, aliyerudi nyumbani kwa kaka yake baada ya kufiwa na mumewe. Mawifi hawa walikula sinia moja, walisali pamoja, na mmoja akiumwa kichwa mwenzake ndiye aliyemfunga kitambaa. Walichogombania kilikuwa kimoja. Mama mkwe alikuwa na asumini mbele ya baraza. Shangazi alikuwa na mlangilangi uani. Na mimi, mkazamwana, nilikuwa na mtungi.

Kibiti ni mchanga mtupu, na wakati wa kiangazi kisima chetu kilikuwa mbali, chini bondeni. Asumini ilitaka mtungi mmoja asubuhi na nusu mtungi alasiri, kidogo kidogo kwenye shina, maji yasituame. "Ukiitosa mizizi imeoza," mama mkwe aliniambia, "na ikioza wewe urudi kwenu kwenye matope." Mlangilangi ulitaka mtungi mzima kila siku ya tatu, umwagwe mbali na shina, kwa sababu shangazi alisema mti mkubwa hunywea pembeni. Nikimwagia mmoja kwanza, mwingine alinuna. Nikaja kuwa napita na mtungi katikati ya nyumba bila kutazama kushoto wala kulia, kama mtu anayekwenda kuzika.

Hata tabia za mimea yenyewe zilikuwa za wenyewe. Mama mkwe alikuwa mfupi, mwepesi, mwenye ulimi. Asumini yake aliikata bila huruma kila ilipomaliza kuchanua, akaifunga kwenye vijiti, na matawi yaliyoanguka aliyachomeka tu ardhini yakaota. Ilichanua jioni, vijiua vyeupe, naye alivichuma vikiwa bado vimefumba akavitunga kwenye uzi. Shangazi alikuwa mrefu, wa maneno machache. Mlangilangi wake aliuotesha kwa mbegu iliyotoka Unguja, na miezi mingi ilipita kabla haujachungulia. Ulikuwa umepita paa la nyumba. Ua lake refu, jembamba, limelegea kama utepe, na usilichume likiwa kijani. Lingoje liwe la manjano na ndani lianze wekundu kwenye kikonyo. Hapo lichume alfajiri, kabla jua halijalichosha.

Tatizo ni kulifikia. Maua yote yalikuwa juu kwa kunguru.

"Ukate kichwa huo mti," mama mkwe alisema kila siku. "Utatanuka, utachuma umesimama."

"Mti haukatwi kichwa," shangazi alijibu. "Wewe umezoea kukatakata. Kile si kichaka."

"Bora kichaka kinachonukia kuliko mnazi usio na nazi."

Mume wangu alikuwa akila haraka na kwenda shamba.

Ndipo vita vya Maji Maji vikaanza. Habari zilikuja na watu kutoka milima ya kusini: wameing'oa pamba ya serikali, pamba ile tuliyokuwa tukilimishwa kwa kiboko, na kuna dawa ya maji ambayo mtu akinyunyiziwa risasi za Wajerumani humgeukia maji. Wanaume walikaa vikundi vikundi wakinong'ona. Wengine walikwenda kuyachukua maji hayo, na wengine hawakurudi. Mume wangu hakwenda. Aliniambia, "Sisi hapa ya kunywa hatuna, wenzetu wanayo ya kuzuia risasi." Lakini alisema akitazama chini.

Baada ya siku chache jumbe akapita akitangaza: nyumba itakayokutwa na maji ya dawa, wenyewe watafungwa kamba. Nikajiuliza wataijuaje dawa. Sikuwa na haja ya kujiuliza, kwa maana tulikuwa nayo uani.

Shangazi alikuwa na mtungi wake wa mlangilangi. Ndani alitia maji yaliyooshewa mtama, samadi ya mbuzi, na majani ya mbarika ya kufukuzia mchwa. Aliufunika kawa, akaukalisha siku saba uchachuke, kisha akaumwagia mti wake. Sasa huko milimani, sisi hatukujua, dawa ya vita ilikuwa maji yenye punje za mtama na mafuta ya mbarika.

Walikuja asubuhi, askari watatu na mkubwa wao, ombasha, mtu wa bara, mnene, koti limembana. Mume wangu alikuwa shambani. Waligeuza vitanda, wakachoma mikuki kwenye ghala, wakaingia uani. Ombasha akafunua kawa. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Maji haya ya nini?"

"Ya mti, bwana," shangazi akasema.

"Mti unakwenda vitani?"

"Hauendi popote, bwana. Ni mti."

Ombasha akatia kijiti, akakitoa na punje za mtama na jani la mbarika. Askari wakatazamana. Mmoja akafungua kamba begani. Mimi nilikuwa nimesimama na mtungi kichwani, maji yakinimwagikia usoni.

"Na huyu amebeba nini?"

"Maji," nikasema, kisha nikatamani kuumeza ulimi wangu.

"Ya nini?"

"Ya maua."

Ombasha akacheka bila furaha. "Nyumba nzima, maji tu. Funga wote."

Hapo akamgeukia mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye kinu. "Wewe bibi, sema kweli. Haya maji kazi yake nini?"

Nilimwona mama mkwe akimtazama wifi yake. Miaka yote aliyokuwa akiuombea mti ule upigwe radi, sasa neno lake moja lingetosha. Akasimama, akajifunga kaniki kiunoni.

"Kazi yake ni bure!" akasema. "Mwaka wa ngapi huu namwambia! Ananuka mikono, ananukisha uwanja, nzi wanatujaa, na mti wenyewe unachanulia kunguru! Asumini yangu inakunywa maji matupu, na njoo uione!"

"Asumini yako!" shangazi akamrukia, kamba na askari wote amewasahau. "Ua la kufa kesho yake! Langu likikaa sandukuni mwezi mzima nguo zinanukia!"

"Sandukuni, maana mwilini halivaliki! Linaumiza kichwa!"

"Kichwa chako kilikuwa kibovu kabla kaka yangu hajakuoa!"

Wakaendelea. Yalitoka mambo ya mahari, ya mbuzi aliyekula miche, ya kikuba kilichonyimwa mtu kwenye harusi. Askari mwenye kamba akaanza kuikunja. Ombasha alikuwa akitazama huku na huku kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Mwisho akapiga kelele, "Basi! Basi, mama zangu!"

Akavua kofia, akajifuta jasho, akaivaa tena.

"Nionyesheni hayo maua."

Ikawa kesi nyingine. Mama mkwe alimshika mkono ombasha wa serikali akampeleka barazani kunusa asumini, ambayo saa ile ya asubuhi ilikuwa imeshapoa. "Njoo jioni," akamsihi, "utaona." Shangazi akamrudisha uani kumwonyesha mlangilangi, na ombasha akainua uso hadi kofia ikamwanguka. Alinusa hewa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kabla ya uaskari alifanya kazi kwenye bustani ya mzungu huko pwani, na mti huu anaujua.

"Lakini mmeuharibu," akasema. "Huu hukatwa kichwa ukiwa kimo cha mtu, matawi yakavutwa chini yakafungwa kwa kamba na vigingi."

Mama mkwe aliinua mikono miwili mbinguni. "Allahu akbar! Serikali imesema!"

Kabla shangazi hajafumbua mdomo, ombasha aliamuru. Askari wakatafuta panga letu, wakaukata mti kimo cha shingo ya mtu, na ile kamba iliyoletwa kutufungia sisi wakaitumia kufungia matawi ya chini. Shangazi akaketi chini akalia kilio cha msiba, na mama mkwe, aliyekuwa ametaka jambo hilo miaka yote, akaketi kando yake akamshika bega na yeye akalia. Ombasha alimwaga mtungi wa samadi, akaomba vipande vitatu vya asumini kwa ajili ya mkewe, akavitia mfukoni mwa koti. Wakaenda zao. Mimi ndipo nilipokumbuka kutua mtungi.

Jirani zetu wa upande wa kisima hawakuwa na maua ya kugombania. Kwao walikuta kibuyu cha maji ya kawaida, na baba wa nyumba ile alichukuliwa. Hatukumwona tena. Kicheko chote ninachokisimulia hapa nakisimulia nikilijua hilo.

Wiki chache baadaye tuliona moshi upande wa mto, vijiji vikichomwa pamoja na chakula, na mume wangu akasema tuondoke kwenda kwetu Kiongoroni. Mama mkwe alibeba vipande vya asumini amevichomeka kwenye gogo la mgomba lililolowa, akavikumbatia kama mtoto njia nzima na ndani ya mtumbwi. Shangazi alifunga mbegu za mlangilangi kwenye pindo la nguo.

Delta haikuwapokea wageni hao. Mama mkwe alimwagilia asumini maji ya mkono wa mto bila kuyaonja, na kule maji yana chumvi. Siku ya nne vile vipande vilikuwa vijiti vya kuchokolea meno. Shangazi alizika mbegu zake kwenye chungu kilichovunjika, kisha kila asubuhi akazifukua kuona kama zimeota. Hakuna mbegu inayovumilia kutazamwa namna hiyo. Wakabaki hawana cha kugombania, wakawa wakali kwa kila kitu, hata samaki wa mama yangu: huyu kazidi chumvi, yule kapungua.

"Mwanangu," mama aliniuliza pembeni, "wakwe zako wanaumwa nini?"

"Wamekosa maua, mama."

Mama yangu alifikiri kidogo. "Hakuna dawa?"

Tulirudi Kibiti vita vilipotulia upande wetu. Nyumba ilikuwa majivu. Ghala halikuwepo. Mwaka ule tulikula ndiga, viazi mwitu vyenye sumu ambavyo hulowekwa siku kadhaa kabla ya kupikwa, na kisimani nilikuta wanawake wachache kuliko niliowaacha. Asumini ilikuwa imeungua hadi ardhini, lakini mvua za kwanza ziliponyesha ikachipua shinani vichipukizi vingi kuliko vidole vyangu. Mlangilangi ulikuwa umeungua upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa umetanuka kama mwavuli.

Msimu uliofuata ulichanua kwenye kimo cha kifua changu. Shangazi alizunguka akiwaambia watu kwamba mti wa namna hii sharti ukatwe kichwa, kwamba yeye alijua hivyo tangu zamani, ila alikuwa akingoja wakati wake. Mama mkwe alimsikiliza akiwa anatwanga, nikaona mchi umesimama hewani. Nikajiandaa. Lakini alimeza mate, akaendelea kutwanga.

Asubuhi moja nilimkuta mama mkwe akitoka uani kabla hata jogoo hajamaliza, mkono ameuficha ndani ya kaniki. Mchana, tulipokuwa tunapembua mchele wetu wa kwanza tangu turudi, shangazi akaanza kunusa. Akanusa hewa, akanusa ungo, akasogea karibu ya wifi yake akanusa nywele.

"Wifi, umepaka nini?"

"Mafuta ya nazi."

"Ya nazi tu?"

"Nazi ya kule Mkongo," mama mkwe akasema, macho kwenye ungo. "Za huko zina harufu."

Shangazi akaendelea kupembua. Kisha akamsogezea ungo wenye mchele mzuri, akachukua ule wenye makapi.

"Kesho chuma maua ya upande wa kaskazini," akasema. "Ya huku bado mabichi."