Kipimo Alichokichagua Shangazi

"Shangazi, mbona hukuchukua kile cheusi?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la nne, tukiwa bado kwenye mlango wa duka la vipuri. Akanijibu nifunge kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Shangazi yangu, dada yake baba, ni fundi wa televisheni. Kibanda chake kiko chini ya ngazi za jengo la ghorofa nne. Akishamaliza kazi za watu hutengeneza leza, kwa raha yake tu. Huzitoa kwenye deki za DVD zilizokufa, akazifunga ndani ya tochi kuukuu, akavaa miwani yake ya kinga, akapasua puto lililo upande wa pili wa chumba. Siku niliyoona puto jeusi likipasuka bila kuguswa na mtu, niliwasimulia darasa zima mpaka mwalimu akanihamisha kiti.

Mlango unaotazamana na wake ni wa mchonga mihuri. Tunamwita Bwana Muhuri. Ni Shangazi aliyemfundisha kulehemu, tena kwa kumshika mkono kabisa. Basi mwanafunzi huyo akaja siku moja na leza ya buluu, nene kama kidole gumba, inayochora jina lako kwenye ubao huku moshi ukipanda. Watu waliozoea kusimama kwa Shangazi wakageuza migongo, wakasimama kwake.

"Dada fundi, njoo uone!" aliita.

"Moshi nimeshauona, kaka. Hata jikoni kwangu upo."

"Hizi ni wati mbili, dada!"

"Wati mbili za mdomoni! Umezipima na nini?"

Tangu siku hiyo Shangazi alianza kufagia ukumbi mara tatu kwa siku. Akifika mlango ule, ufagio unakwenda taratibu, macho yako ndani. Mwishowe akasema atanunua kipimo cha nguvu za leza, mambo yaishe. Akanichukua nimbebee mfuko.

Muuzaji alituwekea vipimo viwili mezani, bei zikikaribiana. "Hiki chenye jicho la kioo kinajibu papo hapo, ila lazima ukiambie rangi ya mwanga. Mwisho wake miliwati mia mbili, haifiki hata robo ya wati moja. Hiki chenye bamba jeusi kinapima joto. Utasubiri kidogo, lakini rangi zote kinapima, na kinafika wati tano."

Shangazi alijaribu leza yake nyekundu kwenye vyote viwili. Mia na themanini, huku na huku. Akakishika kile cheusi, akakigeuzageuza kama mtu anayechagua nyanya.

"Na leza ikizidi mia mbili," aliuliza, "hiki cha kioo kitasemaje?"

"Kitasema mia mbili, mama. Hakiwezi kupanda zaidi ya hapo."

"Nifungie hicho cha kioo."

Jumamosi watu walijaa ukumbini. Leza ya Shangazi ilisoma mia na themanini, wakapiga makofi. Bwana Muhuri akaelekeza yake. Namba iliruka hadi mia mbili, ikaganda hapo.

"Mia mbili!" Shangazi alitangaza kama anasoma matokeo ya mtihani. "Sasa zile wati, kaka, umezisahau nyumbani?"

Watu walicheka. Bwana Muhuri hakucheka. Aliishikilia leza palepale, akingoja namba ipande, mpaka tukasikia harufu ya kuungua. Jicho la kioo likawa na doa jeusi, na namba ikaanguka hadi sifuri.

"Yallah! Nimekuunguzia kipimo, dada. Nisamehe."

"Haidhuru," alisema Shangazi. Yaani aliombwa msamaha, akaupokea!

Bwana Muhuri hakubisha. Kama mwalimu wake amesema mia mbili, basi leza ina hitilafu. Aliifungua, akatafuta kosa ambalo halikuwepo. Akaiongezea umeme kidogo, halafu kidogo tena, mpaka ikafa. Hakuunda nyingine. Watu walirudi mlangoni kwa Shangazi, naye akawapasulia maputo, lakini mimi niliona kwamba ufagio bado unachelewa pale pale.

Sasa niko kidato cha tatu. Wiki iliyopita nilipita kibandani kutoka shule, nikamkuta anafunga leza mpya ya buluu ndani ya tochi. Kando yake kulikuwa na kipimo chenye bamba jeusi, bado kiko kwenye nailoni.

"Hiyo leza ya nani?" niliuliza.

"Ya mwenyewe huyo hapo mbele. Nikimaliza utaniitia. Nataka aipime yeye, kwa mkono wake."

"Na ukishampa utamwambiaje?"

Alipuliza moshi wa risasi ya kulehemu, akavua miwani, akaifuta kwa kanga. Nikadhani atanituma maji.

"Nitamwambia lile uliloniuliza siku ile," alisema. "Sikuchukua kile cheusi kwa sababu wati mbili alikuwa nazo kweli. Mimi nilijua siku ya kwanza tu, kwa ile harufu ya ubao."