Tairi za Lami

Mume wangu aliinunua ile baiskeli ya milimani kwenye mtumba, Mbinga mjini, wakati barabara ya kushuka Mbamba Bay ikiwa bado vumbi kiangazi na utelezi masika. Ilikuwa na tairi nene zenye kashata kubwakubwa, yale meno ya mpira, na kwa njia ile zilimfaa. Alipandisha nayo mbolea kwenye kahawa. Jumapili tulishuka nayo kanisani, mimi nimekaa kwenye keria nimeshika vitabu vya nyimbo. Kisha lami ikaja. Kisha yeye akaugua kifua, akafa, na baiskeli ikabaki imeegemea ukuta wa jiko.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kutoka nyumbani hadi shuleni unashuka njia fupi ya udongo katikati ya mibuni, unaingia lami ndefu yenye kona nyingi, halafu unamalizia na kipande cha mchanga karibu na ziwa. Msiba ulipoisha, nikaanza kuiendesha mwenyewe. Juu ya lami zile tairi zilinguruma kama mashine ya kusaga. Asubuhi nilikuwa nashuka, basi nilivumilia. Jioni, wakati wa kupanda, ilikuwa kama kuna mtu kashika keria kwa nyuma anavuta.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, akiwa na wenzake, alinikuta siku moja nikiisukuma, jasho linanitiririka.

"Shemeji, hilo dude wape wanunuzi wa chuma chakavu," akasema. "Mwanamke na baiskeli ya giya wapi na wapi?"

Wenzake walicheka. Na mimi nikacheka, kwa adabu.

Jumamosi nilipanda Hiace kwenda Mbinga, na gurudumu la mbele ndani ya kiroba. Muuza spea alilitazama gurudumu, akanitazama mimi.

"Mama, mwambie mzee aje mwenyewe. Tairi hazichaguliwi hivihivi."

"Mzee yuko kaburini. Nionyeshe tairi."

Akaanza kuzishusha. Kwanza alinipa zilezile za kashata. "Hizi ndizo za mlimani, na wewe unakaa mlimani." Nikamwambia mlima wangu siku hizi una lami. Akaleta nyembamba, laini kabisa, za baiskeli za mashindano. Zilikuwa nyepesi mkononi hadi nikazitamani. Lakini nilipoiweka moja juu ya gurudumu, ilikuwa kubwa kwa mzunguko na nyembamba mno kwa rimu yangu. Na hata kama ingeingia, nilikumbuka ule mchanga wa ziwani, nikakumbuka kona za kushuka wakati wa mvua, lori la makaa ya mawe likiwa nyuma yako.

Jozi niliyoitaka ilikuwa imetundikwa nyuma kabisa, imejaa vumbi. Haikuwa nene wala nyembamba. Katikati ilikuwa na mkanda laini usiokatika, ule utakaogusa lami; pembeni ilikuwa na kashata ndogo za kushika udongo na mchanga. Nilisoma maandishi ya ubavuni. Namba ya kwanza ilikuwa sawa na ya tairi yangu kuukuu, kwa hiyo ingeenea kwenye rimu. Ya pili, ya upana, ilikuwa ndogo kidogo. Na ilikubali upepo mwingi zaidi, maana tairi ikijaa vizuri haiilalii lami.

"Hizo hazitoki, mama. Watu hawazitaki."

"Mimi nazitaka."

Jumatatu nilishuka kimya. Sijui nieleze vipi ukimya ule. Nilisikia ndege, nikasikia nguo yangu ikipepea. Jioni nilipanda kilima chote bila kushuka chini, na nilipofika nyumbani nililia, si kwa huzuni tu. Wiki hiyohiyo nilimbeba mama mkwe kwenye keria kumpeleka zahanati kwa ajili ya miguu yake. Akanipigapiga mgongoni. "Mwanangu, leo haipigi kelele!"

Siku moja nilimpita shemeji akipanda kwa miguu na wenzake, wametoka kwenye kikao cha wakulima wa kahawa. Niliwasalimia nikapita. Haukupita muda mrefu kikao cha ukoo kikakaa uani kwangu.

"Shemeji tumemwachia nyumba, tumemwachia shamba," shemeji akawaambia wazee. "Hatujamnyang'anya kitu. Ila baiskeli ya marehemu ni ya ukoo. Irudi."

"Uliiita chuma chakavu," nikasema.

"Nilisema hivyo wakati ule."

Ilipokuwa nzito hakuna aliyeiona. Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa na ungo mapajani, anachambua maharage. Hakuinua uso. Nilimsubiri. Akaokota kijiwe, akakitupa pembeni, akaendelea.

"Haya. Baiskeli ni ya ndugu yenu, chukueni," nikasema. "Tairi nimenunua mimi."

Niliigeuza palepale uani, magurudumu juu, nikachukua vijiko viwili jikoni. Kwa mipini ya vijiko nilizing'oa zile tairi mpya, nikarudisha za kashata, zilizokuwa zimelala nyuma ya jiko. Kidole kilichubuka, damu ikaingia kwenye vumbi la mpira. Hakuna aliyenisaidia, na hakuna aliyeondoka.

"Roho mbaya hiyo, wifi," dada wa marehemu akasema. "Tairi tu?"

"Zingekuwa tairi tu, msingezifuata."

Shemeji aliiendesha msimu mmoja akihema, akiwaambia watu kwamba nimeiharibu baiskeli kwa makusudi. Baadaye aliiuza kwa mtu wa Mbaha. Tairi nilimpa mwalimu mwenzangu ambaye rimu zake ni saizi ileile. Akinikuta njiani hupiga kengele, na siku nyingine hunipakia. Siku nyingi natembea. Wengi pale kijijini bado wananiita mwenye roho mbaya, na sijawahi kuwakatalia.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, mama mkwe alinifuata nje ya kanisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona siku hizi unatembea kwa miguu?"

Nilimtazama vizuri, nikitafuta aibu usoni mwake. Sikuiona. Aliuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Natembea tu, mama."

"Utachoka."

"Nimeshachoka."

Akashika mkono wangu, akaniambia miguu imeanza tena kumvimba, na kwamba Jumatano anatakiwa zahanati. Nikamwambia amwombe mwanawe ampeleke.

"Ah, yule," akasema, akiufunga mtandio wake. "Yule ana shughuli nyingi."